MDF au plaiwudi: ubishi uhamie ubavuni mwa bodi

Mteja anayeingia leo kwenye karakana ya seremala mjini Moshi kuagiza kabati la jikoni aghalabu hutamka neno moja tu, MDF, kana kwamba ndilo jina la ubora wenyewe, na fundi wa makamo humjibu kwa kutaja plaiwudi. Kila mmoja ana hoja, lakini wote wawili hubishania uso wa bodi ilhali matatizo huanzia ubavuni, kwenye ukingo uliokatwa.

MDF ni nyuzi za mbao zilizosagwa, zikachanganywa na gundi na kushindiliwa kwa joto. Kwa kuwa haina vifundo wala mwelekeo wa nyuzi, hukatika bila kubanjuka, huchongeka kirahisi, na rangi ya kupuliza hutulia juu yake ikawa laini kama kioo. Kwa milango ya kabati sijaona bodi inayoishinda, wala haikwami kila masika kama mlango wa mbao tupu. Adui yake ni maji, nayo hupenyea ubavuni. Jikoni kwangu, sehemu iliyotangulia kuharibika haikuwa chini ya sinki kama nilivyotarajia, bali kibao cha chini kabisa, kile ambacho dekio hukipitia kila asubuhi: baada ya masika mbili kilikuwa kimeumuka kama andazi, rangi imepasuka, na ukikibonyeza kwa kidole kinabonyea. MDF ikishaumuka hairudi hata ikikauka.

Plaiwudi hujengwa kwa matabaka membamba yanayogundishwa kwa kupishana, nyuzi za moja zikikata za jingine, na kwa kawaida idadi yake huwa witiri ili pande mbili zivutane sawasawa. Mpishano huo ndio unaoifanya ishike skrubu vizuri, hivyo bawaba ya mlango unaofunguliwa kutwa nzima haichomoki upesi. Skrubu iliyopigwa ubavuni mwa MDF, hasa fundi asipotoboa tundu kwanza, huweza kuipasua bodi katikati. Shiti ya MDF ya futi 8 kwa 4 yenye unene wa milimita 18 nayo hukaribia kilo 40, na rafu yake ndefu ikibebeshwa masufuria huanza kupinda.

Hata hivyo, neno plaiwudi peke yake si dhamana. Shiti za bei ya chini huwa na mapengo ndani, na zilizogundishwa kwa gundi ya yurea badala ya ya fenoli huachana matabaka zikiloa mara kwa mara. Chipubodi, bodi ya vipande vidogo vya mbao vilivyogundishwa, ni nafuu zaidi, na kwa kabati la nguo katika chumba kikavu inatosha; jikoni nisingeiweka.

Kuna pia suala la afya, ambalo wateja hawaliulizi. Gundi ya yurea hutoa fomaldehaidi, kemikali ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka mwaka 2004 katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Anayeivuta zaidi, pamoja na vumbi jembamba la MDF, ni fundi anayekata bila barakoa.

Kwa jikoni, mimi ningeagiza mwili wa plaiwudi uliosimama juu ya miguu, milango ya MDF, na kila ubavu uliokatwa uzibwe kwa rangi au utepe kabla kabati halijatoka karakanani, ukiwemo ule wa chini ambao mteja hatauona.