Senti moja nayo mtu anaona uchungu

Juzi binamu yangu kanigeuzia laptopu huku akicheka: kifurushi cha gemu za kompyuta cha Humble, lipa utakacho, yeye kalipa dola moja, kiwango cha chini kabisa kinachokubaliwa. Jioni hiyohiyo kaagiza kitimoto kilo nzima bila kuuliza bei.

Kalipa kihalali, sina kesi naye. Mwaka 2010, watengeneza gemu wa Wolfire walipoanzisha kifurushi cha kwanza, Humble Indie Bundle, gemu ya World of Goo na wenzake zilianzia senti moja, na bado wenyewe walikadiria kwamba robo hivi ya waliopakua hawakulipa chochote. Kuiba kitu cha senti moja! Hata hivyo zilipatikana zaidi ya dola milioni moja, wastani dola 9 hivi kwa kila mnunuzi, na watu wa Linux, ule mfumo wa kompyuta wa bure, wale tunaowaita wabahili, ndio waliotoa zaidi.

Ila mimi bei haikunivutia kihivyo. Nilipenda ile mistari ya kuvuta kwenye skrini. Enzi hizo ulikuwa unalipa, halafu unagawa mwenyewe: hiki cha waliotengeneza gemu, hiki cha Child's Play inayowapelekea watoto vitu vya kuchezea hospitalini, hiki cha waandaaji. Ukitaka, waandaaji ulikuwa unawapa sifuri! Sasa niambie, umechangia harusi ngapi ukajua hela yako ilienda kwenye keki au kwenye soda? Kamati inakupa kadi, singo au dabo, mengine anayajua mweka hazina. Hapa mgeni kabisa alikuwa anakukabidhi daftari la hesabu ujiandikie. Mimi nilikuwa nakaa dakika kumi nikivuta na kurudisha, kama mzee anayegawa nyama ya sikukuu.

Mwaka 2017 Humble ikanunuliwa na IGN, tovuti ya habari za gemu. Mwaka 2021 wakatangaza wanaiondoa mistari, watu wakawaka, wakarudi nyuma kidogo, kisha wakajiwekea fungu lisilopungua, asilimia 15 hadi 30 kutegemea kifurushi. Sawa, mitambo inalipiwa na wafanyakazi wanakula, nakubali kwa shingo upande. Lakini basi lisitumike tena neno "utakacho". Hicho ni kiingilio, na mlangoni yupo mtu wa kukata tiketi.

Na msiniambie haiwezekani. Juni 2020, itch.io, soko la mtandaoni la gemu, walikusanya gemu na kazi nyingine zaidi ya 1,700 kwenye kifurushi kimoja cha kuanzia dola 5, wakapata zaidi ya dola milioni 8 kupigania haki za Wamarekani weusi, na waliotengeneza hawakubakiza hata senti. Zaidi ya watu laki nane walichangia, na hakuna aliyewalazimisha kupita ile tano.

Nikamuuliza binamu, mistari uliivutia upande gani?

"Mistari gani?"