Tupime Majani, Tusihesabu Miche Pekee

Serikali ilijiwekea lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka wa 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 tukapewa siku ya mapumziko ili tupande. Naliunga mkono lengo hilo kwa moyo wote. Kinachoniudhi ni ile ahadi inayotolewa hapa Nairobi kila barabara inapopanuliwa: ukikatwa mti mmoja, itapandwa miche kumi. Anayeahidi hivyo amesahau kazi ya mti, ya kugeuza hewa kuwa chakula na mbao, hufanyikia wapi.

Kazi hufanyikia kwenye jani. Klorofili, yaani rangi ya kijani ya jani, hunasa mwanga, hasa mwekundu na wa buluu, na nishati hiyo huyapasua maji. Oksijeni tunayovuta hutoka kwenye maji hayo, wala si kwenye kaboni dioksaidi kama wengi wanavyodhani. Kisha kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi ndani ya mmea) kiitwacho rubisko hukamata kaboni dioksaidi ya hewani na kuanza safari ya kuigeuza sukari. Sukari hiyo ndiyo huwa wanga, mbao, mizizi. Unga wa ugali umetoka huko, na makaa ya jikoni pia.

Van Helmont, mtafiti wa karne ya 17, alipanda mti kwenye chungu kwa miaka 5. Uliongeza takriban kilo 74, ilhali udongo ulipungua gramu 60 hivi. Yeye alidhani uzito wote umetoka kwenye maji. Leo tunajua kwamba sehemu kubwa ya ubao mkavu ilikuwa hewa.

Sasa, rubisko ni mzito wa kazi. Huunga molekuli chache tu za kaboni dioksaidi kwa sekunde, na mara nyingine hushika oksijeni kimakosa, mmea ukapata hasara. Mahindi na miwa ina mbinu ya kuirundika kaboni dioksaidi karibu na rubisko, lakini miti yetu mingi haina. Hata mazao shambani kwa kawaida huhifadhi asilimia 1 au 2 tu ya nishati ya jua. Hakuna njia ya mkato: anayetaka kazi kubwa sharti awe na majani mengi.

Mwaka wa 2020 mugumo mkubwa, mti mtakatifu kwa Wakikuyu, ulio kando ya barabara ya Waiyaki Way hapa Nairobi, uliponea kukatwa kwa amri ya rais. Uliokolewa kwa ajili ya utamaduni, na nilifurahi sana. Ila hata usingekuwa na historia yoyote, miche kumi yenye majani machache, ambayo kiangazi cha Januari kinaweza kuikausha, isingeshika nafasi yake.

Basi kibali cha kukata mti kitaje ukubwa wa kivuli chake kwa mita za mraba, na aliyeahidi miche arudi baada ya miaka 5 kupima kivuli kilichopo. Si kazi ngumu. Mwezi Machi na Septemba jua la adhuhuri Nairobi huwa karibu utosini, na kivuli hulingana na upana wa matawi. Futikamba inatosha.