Tuachieni soko la fungu

Juzi mpwa wangu, aliyekuja likizo kutoka Dodoma, alinionyesha picha za soko la San Miguel, Madrid. Nguzo za chuma, kuta za vioo, watu wamesimama na glasi mkononi. "Mjomba, Soko Kuu letu la Mwanza lingekuwa hivi!" Nimelala nalo kichwani siku tatu. Hapana, sikubali.

Soko lile la Madrid lilifunguliwa mwaka 1916, wakazi wa jirani wapate nyama, samaki na mboga. Wateja wakapungua, na mwaka 2009 likafunguliwa upya kama ukumbi wa vyakula. Haya, jengo limepona, na hilo si dogo. Lisbon nako walifanya hivyo mwaka 2014, kwenye Mercado da Ribeira, ila angalau huko upande mmoja waliwaachia wauza mboga na samaki.

Kinachonichoma ni fungu. Kabla Soko Kuu la zamani halijavunjwa, nilikuwa na mama yangu wa dagaa. Anachota kiganja, anawapeperusha mbele ya macho yako: "Hawa ni wa chanja baba, hawana mchanga." Ukiwa na hela anakupimia sado, kindoo kizima. Huna, kopo. Huna kabisa, anakupangia fungu juu ya gazeti, kisha anaongeza dagaa watano bila kuombwa. Nimewaona watoto wametumwa na mia tano wakaondoka na mboga ya jioni. Pembeni yake palikuwa na michembe ya viazi vitamu, nsansa za majani makavu ya kunde, na kayabo, samaki waliokaushwa kwa chumvi. Ukumbi wa vyakula huuza sahani, na sahani haigawanyiki. Mwenye mia tano ataingia pale kuangalia taa.

Wachuuzi walipohamishiwa soko la muda la Mbugani nilimtafuta. Nilikuja kumkuta kando ya barabara, beseni kwenye jua, akisema kodi ya kizimba imemshinda. Miaka yote ile ametulisha!

Uchafu ulikuwepo, najua, na masika tulikanyaga matope mpaka vifundoni. Basi tujengewe sakafu na mifereji.

Na migahawa ikitakiwa, ipelekwe ghorofani, hata mimi nitapanda kula sato. Lakini chini, usawa wa barabara, pale anaposhukia mtu wa daladala, waachiwe wenye mabeseni, walipe ushuru wa siku kwa siku. Yule mama awe wa kwanza kupewa nafasi.