Malindi inalala mapema: nani anaumia, nani anapumua

Saa 4 usiku, Ijumaa ya mwisho wa mwezi, nilihesabu tuktuk 14 zimejipanga nje ya klabu moja katikati ya Malindi. Ndani mlikuwa na wateja 9, wahudumu 6 na dijei aliyekuwa akipiga muziki kana kwamba ukumbi umejaa. Nilikaa pale saa nzima na tuktuk 2 tu ndizo zilizopata abiria. Dereva wa tatu kwenye foleni, mtu mzima mwenye mvi za kuhesabika, aliniambia: "Zamani hapa hakuna aliyejua foleni ni nini. Unashusha, unapakia papo hapo, mpaka alfajiri."

Ukiuliza usiku wa Malindi umekwenda wapi, jibu litategemea unayemuuliza. Mwenye baa atakwambia ni serikali za Ulaya zilizotia watu wao hofu ya kuja kutalii. Mzee anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwenye spika atakwambia alhamdulillahi, sasa watoto wanalala. Nimewasikiliza wote wawili na kila mmoja ana hoja ya kweli, ila naona wote wanakiruka kitu kilichoua usiku wenyewe.

Kwanza tujue usiku huo uliota vipi. Waitaliano walianza kuja huku miaka ya 1960 kwa ajili ya kituo cha anga cha San Marco kule Ngomeni, ambako setilaiti ya kwanza ilirushwa Aprili 1967. Wahandisi wakaja, jamaa zao wakafuata, wengine wakanunua viwanja na kujenga. Baada ya miaka 20 mji ulikuwa na pizza, aiskrimu na kasino, na vijana wa ufuoni walikuwa wakizungumza Kiitaliano cha kukopeshana maneno na utani, bila kukanyaga darasa. Na Mwitaliano hali mapema. Huketi mezani usiku umeshaingia, na akishashiba hutaka kutembea, kukaa na watu, kusikia muziki. Klabu za Malindi ziliota juu ya tabia hiyo. Mgeni aliyelala hotelini alihesabiwa kuwa mteja wa mji mzima kuanzia saa 3 usiku.

Hoja ya mwenye baa ina uzito, na haifai kuibeza. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zililipuka katikati ya kaskazi, ule msimu ambao Malindi hupata riziki ya kula wakati wa masika. Hoteli zikabaki tupu Januari na Februari, miezi ambayo hakuna mwingine wa kuifidia. Mji ulipoanza kusimama, likaja shambulizi la kigaidi kwenye jumba la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, kisha lile la Mpeketoni, Lamu, Juni 2014 lililoua watu zaidi ya 60. Mwezi mmoja kabla ya Mpeketoni, Uingereza ilikuwa imewaonya raia wake wasiende kisiwa cha Mombasa na ukanda wa pwani kutoka mkono wa bahari wa Mtwapa hadi Tiwi. Kampuni kubwa ya safari ikawarudisha nyumbani mamia ya wageni na kufuta ndege zake.

Tazama ramani ya onyo hilo. Malindi haikutajwa. Lakini uwanja wa ndege wa Malindi haupokei ndege kubwa za Ulaya, kwa hiyo mgeni anatua Mombasa na kusafiri kilomita kama 120 kwa barabara, na barabara hiyo inapita ndani ya eneo lililokatazwa. Mji ukaadhibiwa kwa sababu ya njia ya kuufikia. Onyo liliondolewa Juni 2015, na mwaka huo Kenya nzima ilipokea wageni wa kimataifa milioni 1.18 tu, ilhali mwaka 2011 walikuwa karibu milioni 1.8. Kisha likaja korona na kafyu iliyoanza Machi 2020 ikaisha Oktoba 2021. Kwa biashara inayoanza kupata wateja saa 4 usiku, ile ilikuwa miezi 19 ya mlango uliofungwa.

Lakini hapa ndipo ninapoachana na mwenye baa. Mwaka 2024 wageni wa kimataifa waliokuja Kenya walifika karibu milioni 2.4, wengi kuliko wakati wowote kabla. Ingekuwa hofu peke yake ndiyo iliyozima taa, zingekuwa zimewaka tena. Wageni wamerudi, ila hawaonekani mtaani.

Baadhi yao wamehamia kwingine, na sababu haina uhusiano na siasa. Mto Sabaki humwaga matope kaskazini mwa mji, na wakati wa mvua bahari ya Malindi hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Watamu, mwendo wa nusu saa kusini, maji yake ni meupe na miamba ipo karibu. Zanzibar nayo inafikiwa kwa ndege za moja kwa moja kutoka Ulaya, na mwaka 2024 ilipokea wageni zaidi ya 700,000. Hakuna dijei atakayeshindana na mambo hayo mawili.

Sababu iliyo nzito zaidi kwangu ni ile bangili ya plastiki. Mgeni anaifungwa mkononi siku anayofika, kwa kuwa tayari ameshalipia kila kitu akiwa kwao: kitanda, milo mitatu, vinywaji mpaka usiku, ngoma za jioni kando ya bwawa. Akitoka getini, kila bia anayokunywa nje ni pesa juu ya bia aliyokwisha kuinunua. Wengine wamepanga nyumba za watu binafsi. Wananunua chupa supamaketi mchana na kunywa barazani. Na Waitaliano wenyewe walionunua nyumba miaka ile wamezeeka pamoja na mji. Wengi ni wastaafu. Anayetoka ni wa chakula cha jioni, na saa 4 yuko kitandani.

Nje ya klabu ile alikaa mama anayeuza mishkaki na viazi karai. Huwasha makaa saa 2 usiku. Aliniambia zamani alikuwa akimaliza bakuli mbili za nyama, na sasa anakata nusu bakuli na nyingine anarudi nayo. Hajawahi kumuuzia mtalii hata mmoja, wala hajutii hilo. Wateja wake ni madereva wa tuktuk, mabaunsa, wahudumu wanaotoka zamu. Mgeni alimlipa dereva, dereva akamlipa mama, mama akamlipa mwenye bucha asubuhi. Bangili ikimzuia mgeni getini, kamba hiyo yote inalegea, na hakuna ripoti ya utalii itakayomhesabu mama huyu, kwa sababu kwenye ripoti kitanda cha hoteli kimejaa.

Sasa upande wa mzee. Ni rahisi kumwona kama mtu asiyependa furaha za wengine, na wenye baa humsema hivyo. Mimi simsemi. Mwaka 2006 UNICEF pamoja na serikali ya Kenya walitoa utafiti kuhusu biashara ya ngono kwenye pwani, na wakakadiria kuwa wasichana kati ya 10,000 na 15,000 wa Malindi, Kilifi, Mombasa na Kwale walikuwa wakijiuza kwa nyakati mbalimbali. Wasichana, watoto wa shule. Usiku ule tunaousifu kwa kujaza tuktuk ulikuwa na hao ndani yake, na kila aliyekuwa akifanya kazi pale aliwaona. Mzee akisema mji umepumua, ana mjukuu anayemfikiria. Yeyote anayezungumzia kufufua usiku wa Malindi bila kugusa jambo hili, mimi simwamini.

Hata hivyo siamini kuwa klabu tupu inamlinda msichana. Njaa iliyomtoa nyumbani haikuondoka na dijei. Ukumbini kuna baunsa, kuna mhudumu, kuna polisi anayepita. Anaweza kuulizwa kitambulisho. Nyuma ya ukuta wa nyumba iliyokodishwa kwa wiki moja hakuna anayemwuliza chochote. Heri usiku unaoonekana, wenye mlango mmoja na mtu wa kuwajibika pale mlangoni, kuliko giza ambalo kila mtu anaweza kusema hakuona.

Kuna wanaosema tuachane na Mzungu tumkumbatie Mkenya. Treni ya SGR iliyozinduliwa mwaka 2017 inamfikisha mtu wa Nairobi Mombasa kwa saa kama 5, na ukipita Malindi wiki ya Krismasi utadhani mji haujawahi kuugua. Napenda hoja hii, na lawama kwamba Mkenya hatoi bakshishi siikubali. Wahudumu wengi waliniambia Desemba ndiyo inayowalipia karo. Tatizo ni kalenda. Mkenya huja Pasaka, Agosti na Desemba, tena kwa siku 4 au 5. Wengi hawafiki hata Malindi. Wakitaka kukesha wanaishia Mtwapa, iliyo karibu na Mombasa na haiulizi saa. Mwitaliano wa zamani alikaa wiki 2, wengine miezi mitatu, na alitoka Jumanne kama alivyotoka Jumamosi. Zile Jumanne ndizo zilizolipa kodi ya ukumbi.

Halafu kuna kero zetu wenyewe. Sheria ya vileo ya mwaka 2010, ile iliyobandikwa jina la Mututho, mbunge aliyeipeleka bungeni, inaitaka baa ya kawaida iuze kuanzia saa 11 jioni hadi saa 5 usiku siku za kazi, na tangu ugatuzi leseni ziko mikononi mwa kaunti. Sina shida na saa 5. Shida ni kwamba wiki hii saa 5 ni saa 5, wiki ijayo ni saa 8, na inayofuata askari wanaingia saa 4 na nusu na kuwapakia watu kwenye gari. Mgeni aliyeona hivyo mara moja harudi, awe wa Milano au wa Machakos. Kanuni za kelele zipo tangu 2009. Zikitekelezwa kila siku, mzee wa nyumba ya tatu angelala na klabu ingebaki wazi.

Ningekuwa na sauti kaunti, nisingetumia hata shilingi kutangaza usiku wa Malindi nje. Ningeanza na kipande cha barabara kati ya mageti ya hoteli na mji, ambacho usiku kina giza na vijana wanaomsonga mgeni hatua kwa hatua. Taa, tuktuk zenye namba zinazosomeka, nauli iliyobandikwa getini. Umri ukaguliwe mlangoni, na anayekosa apokonywe leseni. Kisha ningekaa na wenye hoteli kuhusu bangili: katika wiki nzima aliyoilipia mgeni, usiku mmoja uwe wa kula mjini, hoteli ikilipa mkahawa moja kwa moja.

Meneja mmoja niliyemweleza wazo hili alilikataa. Alisema mgeni wake akiibiwa viatu nje, kesi inakuja kwake, na ndiyo maana yeye mwenyewe huwashauri wageni wabaki ndani. Nilimwuliza mara ya mwisho alitembea lini kutoka getini kwake hadi mjini baada ya magharibi. Akafikiri kidogo, akasema hajawahi, ana gari.