Kilimo hakifuati kalenda ya mfadhili

Tangu USAID, shirika la misaada la Marekani, iache kuendesha misaada Julai 1, 2025, kila mazungumzo ya kilimo yanaishia palepale: pesa za wafadhili hazijawahi kumfaa mkulima, bora zimekatwa. Nimeyasikia hata kwa watu ninaowaheshimu, na kila mara yananichoma, maana wanaoyasema wameisahau sotoka.

Sotoka iliua ng'ombe kwa mamilioni. Mnyama alianza kwa homa, machozi na kamasi vikamtoka, mdomo ukajaa vidonda, kisha akaharisha mpaka akaanguka. Ndani ya wiki chache mfugaji alibaki na zizi tupu. Chanjo ya kuaminika ilipatikana Muguga, Kenya, mikononi mwa daktari wa mifugo Walter Plowright na wenzake, na kuanzia 1962 wafadhili waligharamia kampeni ya kuchanja iliyopita nchi baada ya nchi. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 ugonjwa ulikuwa umebanwa kwenye maeneo machache. Hapo watu wakapumua. Pesa zikapungua, uchanjaji ukalegea, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 sotoka ikarudi kufyeka mifugo upya.

Ikabidi kazi ianze tena. Safari hii ilikuja chanjo inayovumilia joto, na katika utafiti wake pesa za Marekani zilikuwemo. Ya zamani ilihitaji barafu, barafu ikahitaji gari, gari likahitaji barabara. Hii mpya mfugaji aliyepewa mafunzo mafupi aliibeba kwa miguu hadi kambi za Afar, Ethiopia, na kusini mwa Sudan vita vikiendelea, akachanja ng'ombe wa jamaa zake anaowajua mmoja mmoja kwa rangi na pembe. Mwaka 2011 dunia ikatangaza kwamba sotoka imetokomezwa. Tangu kampeni ile ianze, ilikuwa imepita karibu miaka 50.

Sasa chukua mradi wa kawaida wa miaka mitatu. Mwaka wa kwanza unaliwa na ajira, manunuzi ya magari na semina za uzinduzi. Wa pili ndio mbegu zinafika, mara nyingi mvua imeshaanza. Wa tatu ni wa kuandika ripoti. Mkulima anabaki na msimu mmoja wa kuijaribu mbegu, na hakuna mkulima mwenye akili anayebadilisha shamba lake kwa ushahidi wa msimu mmoja. Niliwahi kukaa kwenye kikao cha kufunga mradi wa namna hiyo. Mama mmoja mtu mzima alisimama akamuuliza afisa, "Sasa mwanangu, msimu ujao mbegu tunazipata wapi?" Akajibiwa, "Mama, hilo tumelichukua." Alikaa chini taratibu, akaikunja risiti ya posho yake mara nne. Mpaka leo nikikumbuka vile vidole nakasirika.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba ipo miradi ambayo hata miaka 100 isingeiokoa. Kule Kalokol, kando ya Ziwa Turkana, Norwei ilijenga kiwanda cha kugandisha samaki mahali ambapo umeme na maji safi ya kukiendesha vilikuwa shida, kikafanya kazi kwa muda mfupi tu. Serikali za Afrika nazo ziliahidi mjini Maputo, Msumbiji, mwaka 2003 kutenga asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo, na nyingi hazijafika huko. Hayo yote ni kweli. Lakini tusichome ghala kwa sababu ya panya.

Sotoka ya mbuzi na kondoo, ugonjwa mwingine wa jamii ileile, bado ipo. Imepangwa itokomezwe duniani ifikapo 2030, na inawapiga zaidi watu ambao mali yao yote ni mbuzi wachache. Chanjo yake ipo na inakinga. Tunajua kilichotokea mara ya mwisho pesa zilipokatwa kazi ikiwa imebaki kidogo.