Mama Yuko Kwenye Dozi, Mtoto Analia: Anyimwe Ziwa?

Mtoto ana miezi miwili, mama ziwa limevimba, jekundu, homa juu. Zahanati wamempa antibayotiki. Siku ya pili mtoto anakuwa msumbufu: akiwekwa ziwani ananyonya kidogo, anaachia, analia, na choo kimekuwa majimaji. Nyumbani hukumu imeshatoka. Maziwa yana dawa, mwachishe mpaka umalize dozi.

Wanaosema hivyo hawajabuni jambo. Antibayotiki nyingi hupita kwenye maziwa, na zinaweza kuvuruga bakteria wa tumboni mwa mtoto: choo kilegee, au utando mweupe wa fangasi utokee mdomoni. Zipo pia za kuangaliwa kwa makini. Kloramfenikoli huepukwa. Kotrimoksazoli haimfai mama wa kichanga mwenye manjano au njiti. Metronidazo ikimezwa gramu 2 kwa mkupuo, wapo wataalamu wanaoshauri mama asubiri saa 12 hadi 24 kabla ya kunyonyesha. Kwa hiyo anayenunua vidonge dukani bila kusema kwamba ananyonyesha anajitafutia matatizo.

Ila "yana dawa" ni nusu ya habari. Yana kiasi gani? Chukua amoksilini. Maziwa ya kina mama waliomeza gramu 1 yalipopimwa, kiwango cha juu kilikuwa karibu miligramu 1 kwa lita. Mtoto wa kilo 5 hunyonya kama mililita 750 kwa siku. Hata tukichukulia kwamba kila tone lina kiwango kile cha juu, na halina, anapata chini ya miligramu 1 kutwa nzima. Mtoto huyohuyo akiugua nimonia, mwongozo wa WHO unampa kidonge cha miligramu 250 asubuhi na kingine jioni: miligramu 500 kwa siku. Bibi anayeogopa ile moja ya kwenye maziwa ndiye atakayezikoroga hizi 500 kwenye kijiko na kumnywesha mjukuu, na atakuwa amefanya vyema.

Basi mbona analia? Ziwa lenye uambukizi huzidi chumvi, na watoto wengine hulikataa kwa ladha hiyo tu. Maziwa ya upande ule nayo hupungua kwa muda, mtoto akavuta asipate anachotaka. Hapo ugonjwa ndio umebadilisha mambo, na kidonge ndicho kinachobeba lawama. Halafu kuna umri: kilio cha watoto hufika kileleni karibu na wiki ya 6 na hupungua kuelekea mwezi wa 3 au wa 4, mama awe anameza dawa au hamezi. Mtoto wa jirani naye analia jioni hiyohiyo, ila kwao wanasema ni mchango.

Kumwachisha, kwa upande wake, kuna gharama ambayo haitajwi barazani. Ziwa lililovimba lisiponyonywa wala kukamuliwa, maziwa hulala humo, na uambukizi unaweza kuishia kwenye jipu la kufyonzwa kwa sindano au kupasuliwa. Wiki moja ya maziwa ya kopo ni fedha, ni maji ya kuchemsha kila mara, ni chupa ya kuosha usiku, na mwisho wake maziwa ya mama yamepungua. Dalili za kumkimbiza mtoto hospitali ni nyingine: damu kwenye choo, homa, kutapika mfululizo, upele mwilini, kukataa matiti yote mawili, kulegea. Choo chepesi kwa mtoto anayenyonya na kukojoa vizuri hakimo.

Kinachonisumbua zaidi ni mama anayekubali nusu ya ushauri. Haachi kunyonyesha, ila siku ya tatu, homa imeshuka na mtoto bado analia, anaweka vidonge kabatini. Mtoto anaendelea kulia vilevile, na ziwa linaweza kuvimba upya wiki inayofuata. Huyo angerudi kwa aliyemwandikia dawa amuulize. Dawa nyingi za ziwa lililovimba, kloksasilini ikiwamo, zinakwenda sawa na kunyonyesha, na isiyofaa kwa kawaida ina mbadala.