Siku 24 ndani ya oveni kwa miaka 40 ya kazi: cheti cha kebo kiaminiwe hadi wapi?

Fundi anayefunga betri za akiba kwenye kituo cha afya Urambo au Uvinza husoma lebo inayosema "miaka 10". Hiyo 10 mara nyingi imehesabiwa kwa joto la nyuzi 20. Betri ya risasi ya aina iliyozibwa hupoteza takriban nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka, kwa hiyo katika chumba chenye wastani wa nyuzi 30 chini ya mabati ya Tabora, miaka 10 inakuwa 5. Hakuna aliyedanganya. Lebo ilisema kweli kuhusu mazingira mengine.

Katika vinu vya nyuklia swali hilohilo limebishaniwa kwa miongo kadhaa, na huko kosa lina gharama kubwa mno: kundi moja linategemea cheti cha maabara, jingine linataka kifaa kipimwe kikiwa kazini. Tanzania ina urani yake Mto Mkuju, na viongozi wamekwisha kutaja umeme wa nyuklia zaidi ya mara moja, hivyo inafaa tuuelewe ubishi huu kabla ya kusaini chochote.

Ndani ya jengo la zege linalozunguka kinu kuna kebo, mota za vali, vipima presha na viunganishi ambavyo hukaa miaka 40 katika joto la kawaida na mionzi kidogo. Siku bomba kuu likipasuka, vifaa hivyo vizee vinatakiwa vifanye kazi ndani ya mvuke unaoweza kupita nyuzi 150, vikinyunyiziwa maji yenye asidi ya boroni na kupigwa na mionzi mikali ya gama. Mota iliyozunguka miaka 39 bila kasoro haijatuambia lolote kuhusu siku hiyo. Hapa ndipo wanaotetea upimaji wa maabara wana nguvu kubwa, kwani uzoefu wa kazi hauwezi kushuhudia ajali ambayo haijatokea. Marekani ilijifunza hivyo kwa uchungu. Mwaka 1977 viunganishi vya umeme vilishindwa katika majaribio ya maabara ya Sandia, chama cha Union of Concerned Scientists kikapeleka malalamiko kwa mamlaka ya usimamizi wa nyuklia, ajali ya kinu cha Three Mile Island ikafuata Machi 1979, na kanuni ya 10 CFR 50.49, inayodai vifaa vya umeme vithibitishwe kwamba vitahimili mazingira ya ajali, ikatolewa mwaka 1983.

Jaribio lenyewe lina mfuatano, na mfuatano huo haurukwi. Sampuli ileile hupimwa ikiwa mpya, huzeeshwa kwa joto, hupigwa mionzi, huwashwa na kuzimwa mara nyingi, hutikiswa kama katika tetemeko, ndipo huingizwa kwenye chemba ya mvuke. Juu ya hali ya ajali iliyokadiriwa huongezwa akiba: nyuzi 8 za joto, asilimia 10 ya mionzi. Kebo ikitoka huko hukunjwa kwenye duara lenye kipenyo mara 40 ya kipenyo chake, hutumbukizwa majini na kupewa takriban volti 3,150 kwa kila milimita ya insulesheni, yaani plastiki inayozuia umeme, kwa dakika 5. Kebo iliyokauka na kupasuka haivuki hapo.

Udhaifu uko kwenye kuzeesha. Hakuna anayeweza kusubiri miaka 40, kwa hiyo hutumika mlinganyo wa Arrhenius unaobadili joto kali la muda mfupi kuwa joto la wastani la muda mrefu. Mlinganyo huo unahitaji namba moja, nishati inayotakiwa ili plastiki ianze kuharibika, na namba hiyo ndiyo inayoamua kila kitu. Tuchukue kebo itakayofanya kazi kwenye nyuzi 50, ikizeeshwa kwenye oveni ya nyuzi 120. Ukiweka nishati ya elektroni-volti 1.0, miaka 40 inatimia kwa siku 24. Ukiweka 0.8, unahitaji siku 88. Maana yake, mtengenezaji akitumia 1.0 wakati ukweli ni 0.8, zile siku 24 zilikuwa sawa na miaka 11 tu. Cheti kinasomeka 40, na karatasi haionyeshi kasoro yoyote.

Si hilo tu. Katika oveni kali, ngozi ya nje ya plastiki huila oksijeni upesi kabla haijapenya ndani, hivyo kiini hubaki kichanga. Mionzi nayo hutolewa kwa siku chache badala ya miaka, na kwa plastiki kadhaa kipimo kilekile kikitolewa polepole huharibu zaidi.

Ndiyo maana kundi la pili linasema: acheni kubashiri umri, pimeni kebo ilipo. Kipande kinakatwa na kuvutwa hadi kikatike. Insulesheni mpya huweza kurefuka kwa zaidi ya asilimia 200, na ikishuka hadi 50 wengi huihesabu imefika mwisho. Kuna pia kifaa cha kubonyeza ganda la kebo na kupima ugumu wake bila kukata. Lakini fundi asidhani mega, kifaa cha kupima uzuiaji wa insulesheni, itamsaidia hapa. Insulesheni iliyokauka na yenye nyufa hupita kipimo cha mega vizuri kabisa ikiwa kavu, kwa sababu hewa iliyo ndani ya ufa nayo huzuia umeme. Mvuke ndio utakaoifichua, na utaifichua siku ambayo haitakiwi kushindwa.

Kwa maoni yetu, kundi la pili lina haki juu ya uzee na halina haki juu ya ajali. Njia ya kuunganisha mawili haya ipo: maabara ithibitishe kwamba kebo iliyochakaa hadi kurefuka kwa asilimia 50 tu bado inavuka mvuke, kisha kinuni ihakikishwe kwamba hakuna kebo iliyoshuka chini ya hapo. Hapo swali la miaka mingapi linapoteza ukali wake.

Hata hivyo cheti bora hufia mikononi mwa anayefunga. Kiliandikwa kwa kifaa pamoja na o-ringi yake (mpira wa kuziba), glendi yake (kibano cha kebo inapoingia) na mkao wake. Tundu la kutolea maji chini ya mota likizibwa kwa rangi, au mpira wa kusinyaa kwa moto ukifunika kiungo kwa sentimita moja badala ya tano, kilichopimwa si kilichofungwa. Kwenye mabamba ya viunganishi utando wa unyevu huvujisha umeme. Katika saketi ya miliampea 4 hadi 20, inayopeleka usomaji wa kipima kwa mwendeshaji, mvujo wa miliampea 1 tu huhamisha usomaji kwa asilimia 6.25 ya masafa yote. Mwendeshaji anaona namba na kuiamini.

Huku kwetu mfano mdogo uko wazi. Vifaa vingi vya umeme hukadiriwa kwa mwinuko usiozidi mita 1,000. Kigoma mjini, kando ya Ziwa Tanganyika lililo kwenye mita 770 hivi, iko ndani ya kipimo lakini ina unyevu wa ziwa. Tabora iko karibu mita 1,200, ambako hewa nyepesi hupoza mota vibaya zaidi. Kifaa kimoja, cheti kimoja, majibu mawili. Kipimajoto cha kurekodi kikiachwa mwaka mzima katika chumba cha betri za chumba cha upasuaji kitasema mengi kuliko lebo.

Na kwa kinu kitakachojengwa siku moja, tuna nafasi ambayo vinu vingi vya zamani viliikosa. Mkataba udai mita kadhaa za kila aina ya kebo, kutoka rola ileile, zilazwe tangu siku ya kwanza mahali penye joto na mionzi kuliko kebo zinazofanya kazi, na zivutwe kupimwa kila baada ya miaka michache. Vinu visivyo na sampuli hizo hulazimika kukata kebo inayotumika, au kurudi kwenye oveni na kuchagua namba.